Kutoa Sikio la Televisheni

Siku Mzee Longini aliporudisha televisheni yake dukani tulikuwa watu wanne. Nawataja wote, maana wawili kati yao hawapo tena kujitaja wenyewe. Alikuwepo Fundi Omari, mtu wa Tanga, mwenye duka la kutengeneza televisheni pale mtaa wa Fordsburg katika mji huu, nyuma ya duka la vitambaa. Yeye ndiye aliyenifundisha kazi. Alikuwepo Mzee Longini mwenyewe, Mrundi wa Gitega, mlinzi mstaafu, aliyefiwa na mkewe Daforoza. Alikuwepo Mama Sifa wa Uvira, msusi, jirani yake ukuta kwa ukuta kule Bertrams, aliyekuwa akiimba kwaya moja na Daforoza. Wa nne ni mimi, Zaituni, ambaye ninyi wajukuu mnaniita Gogo, yaani bibi, kama Wazulu, na wakati ule niliitwa Mama Hadija kwa jina la mama yenu.

Ninaandika kwa sababu ya Aziza. Wiki iliyopita alipata barua ya leseni ya televisheni, akaja kwangu mbio.

"Gogo, nikiificha televisheni kwa rafiki yangu mpaka wakaguzi wapite?"

"Wakishapita utaifanya nini?"

"Nitairudisha."

"Na mwaka ujao?"

Akacheka. Basi Aziza, na wengine wenu mnaosikia Kiswahili halafu mnanijibu Kiingereza, someni haya. Mimi niliishia darasa la tatu, Buyenzi, Bujumbura, kwa hiyo msitafute nukta mahali pake. Lakini kazi ya kuwawezesha watu kukaa bila leseni, na wakakaa kwa haki, niliifanya miaka mingi, na najua pale inapoharibika kwa sababu niliiharibu mimi.

Jambo lenyewe ni hivi. Leseni ya nchi hii ni ya kifaa kinachoweza kushika matangazo. Ukiwa nacho, hata ukikifungia kabatini na kukifunika nguo za baridi, unalipa. Lakini ukiwa na kioo kisichoweza kushika kitu, ukawaeleza wenyewe kwa maandishi nao wakakubali, unakaa kwako umenyoosha miguu. Hayo ni ya wakati wetu. Ya simu na kompyuta kamuulizeni mwenye ofisi, msije mkasema Gogo alisema.

Ndani ya televisheni za zamani, zile zenye mgongo mkubwa kama mama mjamzito, kulikuwa na kikopo cha bati, kama viberiti viwili ukivibandika pamoja. Waya wa antena unaingia hapo. Mafundi wanakiita tyuna. Fundi Omari alikiita sikio. Ukikitoa, televisheni haisikii tena mnara, lakini bado inaweza kuonyesha kaseti ya video, kwa sababu video inaingia kwa mlango wake mwingine. Mtu akija anasema, "Nataka mtoe sikio," tunajua. Tunalitoa, tunampa mkononi alione, Fundi Omari anaandika barua na kuitia saini, mwenye televisheni anakwenda polisi kula kiapo kwamba haina uwezo wa kushika matangazo, anapeleka makaratasi ofisini, anangoja jibu. Mpaka jibu litoke, leseni bado ni yako. Na kopi uweke. Mama Gugu wa Brixton hakuweka kopi, akazungushwa mwaka mzima.

Mimi niliingia kwenye kazi hiyo kwa sambusa. Nilikuwa nawauzia mafundi sambusa na chai, na nilikuwa nasimama kuangalia. Siku moja Fundi Omari alikuwa na televisheni tisa sakafuni na karatasi za majina zimemwagikiwa maji. Nikamwambia: hii ya Bwana Kassim mwenye viatu, hii ya dada Busi, hii ya wale mapacha wa Kigoma, Hassani na Huseni, televisheni yenyewe mguu mmoja umekatika. Nikazimaliza zote tisa. Akanitazama.

"Mama Hadija, wewe unajua kuandika?"

"Kidogo."

"Basi usiandike. Kaa hapa."

Nikakaa. Alinifundisha kulehemu kwa kunipa redio mbovu na kuniambia nitoe kila kitu, nirudishe kila kitu. Waya nilizijua kwa rangi. Lakini somo la kwanza halikuwa la waya, lilikuwa la mkono wa kushoto. Televisheni ya mgongo ikizimwa haijafa. Ule umeme mkubwa unabaki kwenye kioo unakungoja. Fundi akishika kwa mikono miwili, unapita mkono hadi mkono, na katikati kuna moyo. Kwa hiyo wanaume waliweka mkono wa kushoto mfukoni. Mimi nilivaa kanga, sina mfuko. Fundi Omari akasema, "Weka kiunoni." Nikawa nafanya kazi mkono mmoja kwenye bisibisi na mmoja kiunoni, wateja wanadhani ninaringa. Mama mmoja akauliza, "Huyu naye ni mke wa mwenye duka?" Siku niliyosahau kiuno nilirushwa mpaka kwenye gunia la rimoti, na Fundi Omari, badala ya kuniuliza kama nimeumia, akauliza, "Mkono ulikuwa wapi?"

Wajanja walikuwepo. Mama Deborah wa Hillbrow alikataa kutoa sikio, akasema ataificha televisheni mwenyewe. Akaifunika kitambaa cha meza, juu akaweka sufuria ya maharage. Mkaguzi alipobisha, akamkaribisha chai. Mama Deborah alikuwa hajaizima, amepunguza sauti tu. Mtoto wake akakalia rimoti. Maharage yakaanza kupiga makofi na kushangilia. Mkaguzi akasema, "Mama, chakula chako kimefurahi."

Sasa Mzee Longini.

Alikuja Ijumaa mchana, saa Fundi Omari yuko msikitini na mimi niko peke yangu. Alikuwa ameifunga televisheni kwenye toroli la ununuzi, na juu yake deki ya video imefungwa taulo. Mtu mrefu, mpole, mzee wa kanisa. Alikuwa ameshastaafu ulinzi, hana kazi, na barua za leseni zilikuwa zinamjia. Kilichomtisha zaidi ni karatasi zake za ukimbizi, zilikuwa karibu kwenda kufanywa upya. Hakutaka ofisi yoyote ya nchi hii iwe na neno naye.

"Habari sitaki, mpira sitaki," akaniambia. "Mimi namtaka Daforoza tu."

Akatoa kaseti. Ilikuwa ya kwaya ya kanisa lao, Daforoza safu ya pili, nyimbo tatu. Alifariki mwaka uliofuata. Picha nyingine ya mwendo wake haikuwepo duniani.

Nikaifungua ile televisheni, mkono kiunoni, nikaona tatizo. Ilikuwa ya zamani kuliko za zamani. Haikuwa na mlango wa video. Tundu ni moja tu, la antena, na deki ilipenyeza picha yake humo humo, kupitia sikio. Ukitoa sikio, umefunga na njia ya Daforoza.

Nilitakiwa kusema. Maneno yenyewe ni mafupi: "Mzee, hii haiwezekani, ngoja fundi mkuu." Lakini alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki, taulo amelikunja magotini, ananitazama kama mtu aliyepeleka mgonjwa hospitali. Sikusema. Nikajidanganya mwenyewe kwanza. Nikazungusha vifundo vyote sita vya stesheni vikae mahali pa video, nikavimwagia gundi visizunguke, nikang'oa nyaya za antena. Nikajiambia, sasa inasikia deki peke yake, si sawa na kutoa? Nikaijaribu na kaseti, ikakubali.

Na barua? Fundi Omari alikuwa ananiamini. Aliacha kwenye droo barua kadhaa zilizokwisha kutiwa saini, kwa siku asizokuwepo. Mimi najaza jina na namba ya televisheni tu. Nikajaza. Barua ikasema sikio limetolewa. Kikopo chenyewe kilikuwa ndani, kizima. Mzee Longini hakujua kuomba kukiona, nami sikumwambia ni haki yake.

Akaenda polisi, akanyoosha mkono, akala kiapo.

Nililala vizuri, msidhani vingine. Niliona nimefanya wema.

Gundi haipendi joto, ikilainika kifundo kinasogea. Na mnara wa matangazo, mnauona wenyewe kule Brixton, katika mji huu hata waya wa deki unaweza kuushika. Jumamosi moja mchana Mzee Longini alikuwa na Mama Sifa chumbani, wanaangalia kaseti. Wimbo wa tatu ukaisha, mzee akazima deki, akawa anaongea. Televisheni ikabaki inatoa chenga, kisha chenga zikakusanyika zikawa watu. Wanaume wakubwa wanaparamiana na mpira wa yai. Umati ukapiga kelele ndani ya televisheni, na kelele ile ile ikaingia dirishani, kwa sababu uwanja wa Ellis Park uko mitaa michache tu kutoka pale. Mama Sifa aliniambia kwamba Mzee Longini alitazama kioo, akatazama dirisha, akatazama kioo. Halafu akachomoa waya ukutani, akakaa kitandani.

Jumatatu toroli likaingia dukani. Mama Sifa ndiye aliyelisukuma. Mzee alitembea nyuma amevaa suti ya kanisani.

"Mama Hadija," alisema, na hakupandisha sauti. "Nilinyoosha mkono huu."

Fundi Omari akainua kichwa. "Kuna nini, mzee wangu?"

"Muulize dada yako!" Mama Sifa akadakia. "Huyu anayeshika kiuno. Mlisema mmeikata sikio. Sikio gani? Inasikia mpaka rugby! Kesho itaanza kutusikia na sisi."

Fundi Omari akaifungua. Akaona kikopo, akaona gundi. Akanigeukia.

"Uliliacha kwa kusahau au kwa kujua?"

Ningeweza kusema kusahau. Angenisamehe hapo hapo, kazi ilikuwa nyingi.

"Kwa kujua."

"Na barua yangu?"

"Niliijaza kwa kujua."

Akaenda kwenye droo, akazitoa zile barua nyingine zenye saini yake, akazichana mbili, akazichana nne. Hakunitukana. Ningefurahi kama angenitukana. Akavuta kigoda akakaa mbele ya Mzee Longini, akamweleza kila kitu jinsi kilivyo: televisheni hii ina tundu moja, sikio likitoka na mkeo anatoka. Sikio likibaki, alipe leseni au aseme kweli kwamba hana uwezo.

Mimi nikiwa nimesimama pale nilitaka achague sikio libaki. Nilitaka aseme basi, Mungu anaelewa.

"Ego," akasema kwa lugha ya kwao, yaani sawa. "Litoeni. Siwezi kumwangalia Daforoza kwa kiapo cha uongo. Yeye mwenyewe angeniuliza." Kisha akasema, "Lakini nionyesheni mara moja zaidi, ndipo mtoe."

Mama Sifa aliyekuja na maneno kinywani akageukia ukuta. Fundi Omari akaunganisha deki pole pole, kama mtu anayetafuta kuchelewa. Mimi nikaingia stoo. Nilisema nakwenda kutafuta koleo. Nilikwenda kulia, niwaambie ukweli.

Stoo ilikuwa na mizigo ya watu walioacha vitu wasivirudie, na mimi kila kitu nakijua kwa mwenyewe. Nikikaa pale naviona kwa majina: redio ya Bi Rehema, feni ya Bwana Pillay, deki ya Jacques. Na chini, imelazwa kifudifudi, skrini ndogo nzito ya Bwana Petrus, msimamizi wa jengo moja Hillbrow. Ilikuwa ya chumba cha walinzi, ile inayoonyesha geti. Tuliitengeneza, akasema wamenunua mpya, tuitupe au tumpe mtu. Haya alisema mlangoni, ameshika kofia, nayakumbuka.

Wajukuu zangu, skrini ya geti haikuzaliwa na sikio. Haijawahi kusikia mnara tangu kiwandani. Ina tundu moja tu, la picha.

Nikaitoa nimeikumbatia. Fundi Omari akaniona, akaona nilichobeba, akasema "Alaa!" akaninyang'anya. Haikuwa na spika, tukaipa spika mbili ndogo za kompyuta. Fundi akachomeka deki.

"Kabla hujamwonyesha," nikasema, "ni nyeusi na nyeupe."

"Kwani nilimwoa kwa rangi?" akasema Mzee Longini.

Ikawaka. Kwaya ikaja, ndogo, kijivu, imesimama wima. Mzee akacheka kicheko ambacho hatukukitarajia.

"Miaka kumi na moja! Miaka kumi na moja nimekaa Hillbrow nakodolea macho kidude hiki, naona watu wanaingia na kutoka. Leo ndiyo ameingia mtu ninayemjua."

Kazi haikuwa imeisha. Kiapo kilikuwa polisi. Fundi Omari akatoa sikio la televisheni ile mbele ya macho yetu, akalitia mkononi mwa Mzee, na televisheni yenyewe ikabaki dukani kwa vipuri. Akaandika barua mpya, saini ikiwa mbichi. Mimi nikajifunga mtandio, nikachukua karatasi zangu za ukimbizi, nikaenda na Mzee Longini kituo cha polisi. Mnajua sisi wageni tunavyokiona kituo. Mtu anavuka barabara asipite mbele yake. Tuliposimama kwenye robot, taa za barabarani, kungoja kuvuka, Mzee akaniambia, "Mama Hadija, wewe rudi, nitasema mwenyewe." Nikamwambia, "Utasema nini? Uongo haukuwa wako."

Kwenye kaunta alikuwepo Sajenti Thandeka, jina limeandikwa kifuani. Nikamweleza kwa Kizulu changu cha sokoni kwamba tumekuja kurekebisha kiapo, kwamba barua ilikuwa ya uongo, na aliyeandika uongo ni mimi, huyu baba hakujua.

Akatutazama mmoja mmoja. "Eish, Mama. Watu wanakuja hapa kuapa mambo ambayo hata mtoto anajua si kweli, hawarudi. Ninyi mnarudisha kiapo kama viatu vilivyobana?"

Askari wa nyuma yake wakacheka. Mzee Longini hakucheka. Alikuwa amekishika kile kikopo kwa mikono miwili. Sajenti naye akaacha kucheka. Akachukua karatasi safi, akaniuliza maswali, nikajibu, akaandika pole pole, akanisomea kila mstari kwa sababu nilimwambia kusoma kwangu ni kwa shida. Nilitia saini yangu chini ya maneno kwamba nilisema uongo. Mpaka leo hakuna karatasi nyingine ninayoijua kwa moyo kama ile. Kisha akamwandikia Mzee kiapo kipya, naye akanyoosha mkono wake tena, akaunyoosha hadi mwisho.

Nilingoja anifungie ndani. Akasema tu, "Mama, usirudie," akaita mtu anayefuata.

Jibu la ofisi lilikuja baada ya wiki nyingi. Wamekubali. Mzee Longini alimpa kila mtu alisome, hata mwenye spaza, kile kiduka cha mtaani. Fundi Omari hakuacha tena barua yenye saini kwenye droo, na mimi niliendelea naye mpaka macho yalipogoma. Aziza, ukija kutoa sikio la kitu chochote, omba kulishika mkononi. Fundi asiyetaka kukuonyesha, ondoka na mali yako. Na ikiwa kitu hakiwezekani, ukubali kuambiwa hivyo, hata na mtu anayekupenda.

Jumapili ya kwanza tulialikwa Bertrams. Skrini ilikaa juu ya kabati la nguo, tukaikodolea macho kama walinzi wanne. Daforoza akatokea safu ya pili, mfupi, mdomo wazi, gauni lake na magauni ya wenzake yote kijivu.

"Hapo ni njano," Mzee Longini akatuambia. "Njano kama kiini cha yai."

"Nani kakwambia?" Mama Sifa akaruka. "Mimi nilikuwa safu ya tatu, nilivaa hilo hilo. Lilikuwa la rangi ya pichi."

"Nimeliangalia miaka yote!"

"Kwa televisheni gani? Ile yako ilifanya kila kitu njano. Hata mchungaji alikuwa njano!"

Wakanigeukia. "Mama Hadija, wewe hukosei," akasema Mzee. "Ulijaribu kaseti dukani. Lilikuwa rangi gani?"

Nikatafuta kichwani, sikukuta. Siku ile nilikuwa natazama vifundo na gundi, sikumtazama yule mama hata mara moja. Nikawaambia hivyo.

"Basi ni njano," akasema Mzee Longini, akaongeza sauti.

Yeye ameshatangulia, na Fundi Omari pia. Mama Sifa bado yupo, bado anasema pichi. Mimi hapa nimeandika njano, kwa neno la mume. Kama mmoja wenu ana rafiki ambaye mama yake au bibi yake aliimba kwaya ile ya Bertrams, na gauni limebaki mahali ndani ya sanduku, naomba alifungue aangalie, kisha aje anisahihishe.